Kidole cha Kapteni Idris

Jumatatu, 5 Mei
Kliniki ya kambi tangu asubuhi. Malaria, malengelenge ya buti. Askari wote wamepanga foleni mlangoni kwa Kapteni Idris, daktari mwenzangu. Kwangu wawili tu, na mmoja alikuwa amekosea mlango. Mama mmoja mfugaji wa Kisomali akachungulia: "Daktari mrefu yuko wabi?" Nikamwonyesha. Idris ana miezi mitatu hapa. Mimi huu mwaka wa tatu.

Jumatano, 7 Mei
Mkuu wa kambi amempa Idris unahodha wa timu ya kriketi. Unahodha wangu. Kiwanja kile nilikifyeka mimi, miiba ikinichana mikono. Nikapiga makofi na wenzangu. Nina wivu. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 9 Mei
Mazoezi jioni. Idris ameshika gongo, mimi narusha. Nikaudundisha mpira kwa nguvu zangu zote ili uinuke umpate vidole. Ukampata. Kidole cha kati, mkono wa kulia, kimevunjika. Nimemfunga bendeji mwenyewe. Nikasema bahati mbaya. Akanishukuru.
Nimefurahi. Tena sana.

Jumamosi, 10 Mei
Kaletwa mama kutoka Bura. Uchungu tangu jana, mtoto amekwama. Mafuriko yamekata barabara ya kwenda hospitali ya Garissa, na mpasuaji wetu ni Idris. Kwa mkono ule! Mimi sijampasua mzazi tangu mafunzoni.
"Shika kisu, Daktari," akasema. "Niko hapa."
Nikakishika. Idris akanielekeza hatua kwa hatua, sauti yake haikupanda hata mara moja. Kama mama angekufa, ningekuwa nimemuua kwa mpira. Hakufa. Mtoto akalia.
Baba wa mtoto, Abdi, akaja na machozi. "Alhamdulillahi! Daktari, jina lako nani?" Nikafungua mdomo. Kumbe anamtazama Idris.
Mtoto ataitwa Idris. Kisu nilikishika mimi, na bado roho inaniuma. Sina haya.

Jumatatu, 12 Mei
Nimemwambia. Tulikuwa wawili tu, nyuma ya hema la wagonjwa.
"Ule mpira nililenga vidole vyako."
"Ulilenga?"
"Ndiyo."
Akautazama mkono wake. Nilitaka anitukane. Hakunitukana, wala hakusema amenisamehe. Adhana ya alasiri ikaanza. Akachuchumaa, akanisogezea birika la udhu kwa mkono mzima.
Nikammiminia maji taratibu, nikikwepa bendeji.