Barua ya Kumwachisha Kazi Salumu

Temeke, Jumanne, baada ya isha

Kwako, nafsi yangu. Nakuandikia kwa heshima, nikihitaji uamuzi juu ya jambo la leo.

Asubuhi nilifungua tovuti ya hali ya barabara, nikaona njia ya Kimbiji iko wazi. Kama ilivyo desturi yangu, niliuchapa ukurasa ule, nikaugonga muhuri wa ofisi na kumkabidhi dereva Salumu, aliyepakia lori saruji kutoka kiwanda cha Wazo.

Saa nane alipiga simu. "Mzee, wenyeji wanasema mbele maji yamekata barabara. Nigeuze?"

Nilimjibu kwamba karatasi inasema njia iko wazi.

"Karatasi ya asubuhi na mvua ya mchana wapi na wapi, mzee wangu?"

Nilikasirika, nikamwamuru aendelee. Tovuti sikuitazama tena hadi jioni, na hapo nikasoma kwamba njia ilifungwa tangu saa sita.

Lori limelala ubavu korongoni na saruji yote imelowa. Salumu yu mzima, alhamdulillahi.

Tajiri, mwenye lori, anaamini dereva alijiamulia mwenyewe. "Mwandikie barua ya kumwachisha kazi," akaniambia. "Wewe ndiye fundi wa barua."

Nilikusudia kumweleza, lakini...

Nilisema, "Sawa, bosi."

Barua nimekwisha kuiandika, na nakiri kwa aibu kwamba imeandikwa vizuri. Salumu ana watoto wanne.

Hivyo naomba uamue kabla ya saa mbili asubuhi: nimpe tajiri barua hii, au nimwambie kwamba aliyeamuru lori lipite ni mimi.