Kifafa Hakiambukizi, Dada Zaina

Mpendwa dada Zaina,

Nakuandikia kwa hasira na sitaificha. Ulipoanguka kifafa pale Majengo ukikaanga maandazi, wateja wako wa kila asubuhi walisimama wakitazama mkono wako kwenye mkaa. Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa povu la mdomoni, wakiamini atakayekugusa atakipata. Mama alifika mbio, akiwa amechelewa. Hukurudi kutoka hospitali.

Unakumbuka kikombe chako cha bluu, kilichowekwa peke yake juu ya kabati? Siku moja ulikinywea, ukanipa nimalizie chai. Ukasema, "Basi tutaanguka wote." Tulicheka mpaka Mama akaja kutufokea.

Ulipokwisha kuondoka, intaneti ikaingia mjini. Nilienda kwenye duka la intaneti karibu na stendi na Kiingereza changu cha kuungaunga. Ukurasa wa kwanza ulisema ni pepo, na chini yake wakatangaza mafuta ya kumfukuza. Nilitamani kuivunja ile kompyuta. Wa pili, wa madaktari, ulisema hakiambukizi. Nao sikuumeza hivihivi. Niliuchapisha, nikaupeleka hospitali, daktari akasema ni kweli.

Sasa kila Jumamosi nakaa kwenye duka lilelile na wasichana wa sekondari. Kila ukurasa nawauliza nani kaandika na anauza nini, kisha tunaupeleka kwa daktari. Baba mdogo amenikataza, eti naanika aibu ya ukoo. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba sitaacha. Aibu ni kukuacha uungue.

Juzi sokoni mpagazi mmoja alianguka kati ya magunia ya mtama. Watu wakarudi nyuma, vilevile kama siku yako. Wasichana wangu wawili wakapiga magoti vumbini. Mmoja alimwekea kanga chini ya kichwa. Mwingine akamlaza kiubavu, akamfuta povu. Mzee mmoja akawakemea wamwache, wasije wakakipata.

Yule aliyekuwa akimfuta povu hakuinua hata uso.

"Shikamoo, babu. Hakiambukizi. Tusaidie kusogeza watu apate hewa."

Mzee akasita, kisha akaanza kusogeza watu. Mimi nililia palepale, mbele ya wauza nafaka wote, kwa sababu wewe ulikosa watu wawili tu wa namna hiyo.

Pumzika, dada yangu. Mimi sipumziki.

Mdogo wako