Nani Atanimiminia?

Simcheon, Yeongdong,
Korea Kusini.
8 Novemba 2009.

Mpendwa mdogo wangu Geum-hui,

Hujambo wewe? Magoti je, baridi ya Ujerumani imeshaanza kuyachokoza? Na shemeji Jürgen anaendeleaje na kifua chake? Mimi ni mzima wa mwili. Kwenye simu ningeishia hapo, nikakuuliza kama kwenu kunanyesha, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Zabibu zilikubali mwaka huu. Wiki iliyopita nilichuja divai kutoka kwenye mtungi mkubwa wa mama. Imetoka nyeusi, kali kidogo, kama unavyoipenda.

Deok-sam, jirani yetu mpiga ngoma, hayupo tena hapa. Kiharusi kilimpata kiangazi, mkono wa kulia ukafa, wanawe wakampeleka nyumba ya wazee mjini. Nilimpelekea chupa, wauguzi wakaizuia mlangoni. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo: "Acha tu, dada. Divai yako bila samaki na ngoma ni dawa ya kikohozi!" Nikacheka naye. Kwenye kituo cha basi nililia, watu wakinitazama.

Yong-nyeo, mwimbaji wetu, ndiyo hivyo, tulimzika kabla mizabibu haijachipua. Unamkumbuka yule mgeni wa Seoul aliyetufundisha kwamba divai huendana na jibini? Yong-nyeo alimjibu, "Jibini kampe panya, baba. Hapa divai inataka samaki na wimbo!"

Basi jana uvumilivu ulinishinda. Nilikaanga visamaki vya mtoni, nikavipanga duara kwenye kikaango, nikavipaka pilipili. Nikatandika mkeka barazani na kuweka ile kanda tuliyojirekodi zamani. Wewe unasikika ukianza wimbo kabla ya ngoma, naye Deok-sam anakufokea: "Wee Geum-hui, una haraka ya kwenda wapi?" Nyumba ikajaa watu. Kanda ilipokwisha nikabaki nasikiliza jokofu. Mdogo wangu, nina upweke. Sijawahi kukuambia, lakini ninao mwingi.

Mwanangu Sang-uk anataka nihamie kwake Daejeon baada ya mwaka mpya. Shamba atampa mtu atakayeng'oa mizabibu na kupanda mipichi. Simlaumu, mtoto akimkuta mama yake anajibizana na redio, afanyeje? Kwa hiyo divai hii ndiyo ya mwisho.

Na bado sijaionja. Samaki walipoa, nikawapa paka. Unajua mwenyewe kwamba sisi hatujimiminii. Ukijimiminia, aliyekaa mbele yako anapata mkosi wa miaka mitatu. Najua utasema, "Lakini dada, mbele yako kulikuwa na nani?" Nilikuwa nimeweka mto wako wa kukalia, ule wa buluu, mahali pako palepale. Kikombe chako nilikijaza. Changu sikuthubutu.

Njoo kabla ya mwaka mpya. Usihangaike na zawadi, samaki nitakaanga mimi, na ukiwahi ngoma hakuna wa kukufokea.

Msalimie sana shemeji. Mwanao Lena mwambie mama mkubwa anamkumbuka, na aje naye akipata ruhusa kazini. Wazee wetu waliotangulia wakulinde safarini.

Dada yako akupendaye, mwenye kiu,
Mal-rye