Kurasa Zilizofungia Karanga

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini nisipoanza hivyo utanikasirikia hata huko uliko.

Wiki iliyopita nilikiona kile kitabu. Kilikuwa kwenye meza ya muuza vitabu vya mtumba, na jalada ni lile lile: chombo kinapaa katikati ya nyota, na mwanamke mweusi ameshika usukani. Nilikichukua, nikakifungua. Nikajikuta nimerudi Pasiansi, kwetu Mwanza, kwenye mawe ya ufukweni, khanga yako inanukia karanga.

Unakumbuka ulivyokipata? Asubuhi ulifundisha Kiingereza shule ya msingi, jioni ulikaanga karanga, maana mshahara wa mwalimu miaka ile ulikuwa wa kuonja tu. Vitabu vya Ulaya vilikuja pamoja na marobota ya mitumba, vikauzwa kwa kilo kama karatasi za kufungia, na wewe ulikuwa na mazoea ya kuchana kuanzia nyuma. Siku hiyo ulikwisha kufungia wateja sura nzima ya mwisho, ndipo ukatupia jicho ukurasa mmoja. Ukasoma mpaka karanga zikaungua. "Jamani," ukapiga kelele, "mwisho wa hadithi nimeuuza!" Wakati huo mwisho wenyewe ulikuwa umesambaa Mwanza nzima, watu wanautafunia karanga.

Tangu hapo, kila jua lilipoelekea kuzama, ulikaa kwenye kigoda chako ukatusomea, ukigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo. Ziwa lilitulia. Mimi niliamini kabisa kwamba yale mawe makubwa yameegeshwa tu, siku moja yatapaa na sisi juu yake. Kulikuwa na watu wa rangi ya buluu ambao hakuna aliyewacheka. Kulikuwa na nchi isiyo na mtemi, ambako kabla ya kuamua jambo waliulizwa wazee na watoto pia. Kitabu kiliandikwa kabla sijazaliwa, na bado kilikuwa mbele yetu mbali sana.

Baba alisikiliza ametupa mgongo, anajifanya anatengeneza baiskeli. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, na kila kitu kilimkera.

"Mwanamke ndiye nahodha?" aliuliza. "Sasa huko juu nani anapika?"

"Anayesikia njaa, kaka."

Baba alisonya. Lakini kesho yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa.

Kisha nikamaliza la saba, nikachaguliwa kwenda sekondari, na ada hatuna. Wakaja watu kutoka upande wa Kisesa kuniposa, watu wenye ng'ombe. Nilijificha nyuma ya pazia, nikisikiliza. Ng'ombe mmoja wa mahari angekuwa wako, shangazi mtu, na kila mtu alijua ulivyomhitaji. Wewe ukawagawia wageni karanga, ukamtazama kaka yako.

Mzee wao akauliza kama binti anajua kupika. Baba akakohoa.

"Kupika anajua. Ila kwetu hapa anapika anayesikia njaa. Kijana wenu yuko tayari?"

Kijana akamtazama baba yake. Baba yake akaitazama kofia yake. Posa ikaishia hapo, nawe ukacheka mpaka ukajifunika khanga usoni. Sekondari nilisoma kwa karanga zako, Shangazi, na sijawahi kukushukuru inavyostahili.

Mwisho wa hadithi ulitutungia mwenyewe: nahodha anarudi nyumbani baada ya miaka mingi, anakuta kigoda chake bado hakijakaliwa. Kila tulipouliza ulitujibu hivyo hivyo. Halafu ukaugua nikiwa shuleni, ukaondoka duniani kabla hatujafunga shule. Nilikukasirikia sana, nakwambia ukweli. Nilitaka unisubiri.

Nilipokuwa mtu mzima, wasomi wenzangu waliniambia kwamba hadithi za zamani za namna hiyo hazikuwa na nahodha mwanamke, tena mweusi. Kwamba shangazi alitunga ili kuniokoa. Nikaanza kuwaamini, hata lile jalada nikadhani nimeliota tu. Ndiyo maana nililia pale mezani mpaka muuzaji akanipunguzia bei. Ni kweli, Shangazi. Nahodha yumo, watu wa buluu wamo, nchi isiyo na mtemi imo. Nimelitafuta lile neno la anayesikia njaa, sijaliona. Hilo ni lako.

Sura ya mwisho niliiacha makusudi, nikaipeleka Pasiansi nimsomee baba. Nilimkuta jikoni, mama ameenda sokoni, yeye anasonga ugali jasho linamtiririka.

"Baba, ule mwisho umepatikana!"

"Wa kazi gani?" Hakugeuka hata. "Dada yangu alishaumaliza. Nahodha alirudi."

Nikakifunga kitabu. Nikamuuliza imekuwaje anapika yeye. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ziwa lina maji.

"Si nimesikia njaa?"

Tulikula wawili, mlango wazi kuelekea ziwani. Huko uliko pumzika, Shangazi, na ukitaka kuja, njoo. Kigoda chako bado hakijakaliwa.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako