Kiondo cha Maharagwe

Jumanne, Kamenu

...na najua kesho dada yangu Njeri atapiga simu tena kutoka Membley anipe mawaidha mengine. "Usibishane na Mama. Mpe kazi ya mikono, atatulia." Ushauri ni rahisi ukiwa huishi na mgonjwa nyumba moja.

Basi leo nilimpa Mama maharagwe achambue. Kusema kweli, alitulia. Alitoa mawe, akatoa mabovu, hata akaimba kidogo. Nikakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikafikiri, labda tutaweza.

Alipomaliza akayamimina yote kwenye kiondo chake, akanikabidhi, akanishika mkono, akanisindikiza mpaka kwenye geti. Mama hajawahi kumwacha mgeni aende mikono mitupu.

"Asante kwa kunitembelea," akaniambia. "Umenisaidia sana. Peleka haya kwenu, na umsalimie mama yako."

Usibishane naye. Sikubishana.

"Nitamsalimia," nikasema, nikatoka. Akafunga geti kwa ndani. Nikabaki nje na kiondo changu, nisijue nipige hodi kama nani.