Punje Mia za Bujonde

Bondeni, Kyela
14 Juni 1998

Mpwa wangu Tumpale,

Ugonile. Sisi wazima, goti la mama yako limetulia. Natumaini na wewe huko Dar una afya.

Ile kompyuta mliyotuletea imeanza kazi Alhamisi hapa ghalani. Karani Ambrose anaingiza kata ya mkulima, uzito, na siku alizovundika kakao. Karatasi inatoka na daraja. Wakulima wa kata ya Bujonde wote wametoka daraja la tatu kabla gunia halijafunguliwa. Daraja la tatu kampuni hainunui. Veronika wa Bujonde akanigeukia mbele ya watu: "Hebroni, miaka ishirini unakata kakao, leo sanduku la kioo linanusa kukushinda? Basi lipe na kisu!"

Watu wakacheka. Mimi nilichota punje mia kwenye gunia lake, nikazipasua moja moja kama siku zote. Tisini na mbili kahawia safi, saba zambarau, moja ina ukungu. Hilo ni daraja la kwanza. Meneja wa kampuni akaniambia nisaini karatasi ya mashine. Sikusaini.

Nieleze wewe uliyeitengeneza.

Mjomba wako,
Hebroni


Dar es Salaam
27 Juni 1998

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima. Mwambie mama mchele umefika, na nimeula kwa fujo.

Mashine haibahatishi. Tuliifundisha kwa madaftari yako uliyonipa Krismasi, ya miaka tisa, tangu enzi ya ushirika. Imesoma kila kosa la kakao uliloandika na kata lilikotoka. Katika makosa mia nne na kumi, mia tatu ni ya Bujonde. Ni mwandiko wako, Mjomba. Mashine haina shemeji wala jirani, ndiyo maana kampuni inaitaka.

Saini tu. Sitaki uachishwe kazi kwa ajili ya programu yangu.

Mpwa wako,
Tumpale


Bondeni
11 Julai 1998

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wote wazima, na mama yako amefurahi kusikia habari za mchele.

Mwandiko ni wangu, kweli. Sasa sikiliza ambayo sikuyaandika. Nimezaliwa Bujonde na nimeoa Bujonde. Ushirika uliponipa kazi watu walisema, "Huyo atawapitisha wakwe zake." Kwa hiyo kakao ya Bujonde niliiandika kila punje mbaya, nipate cha kuonyesha. Wa kata ya Ngonga akija na kakao mbichi nilimwambia kwa mdomo, "Baba, rudi ukaanike," akarudi, na daftarini sikuandika kitu. Nzuri sikuiandika kabisa. Nilipiga chaki kwenye gunia, basi.

Mashine yenu imejifunza woga wangu, inauita kakao. Irekebishe. Mimi nakata punje mlangoni kila Alhamisi, meneja apende asipende.

Mjomba wako,
Hebroni


Bondeni
9 Agosti 1998

Tumpale,

Salamu ni zile zile. Hujajibu.

Alhamisi nimeondolewa kazini. Sikuombi unirudishie kazi. Watu wa Bujonde wanauliza kosa lao ni lipi, na sitaki kuwajibu peke yangu.

Mjomba wako,
Hebroni


Dar es Salaam
30 Agosti 1998

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe ukimya. Afya ninayo, usingizi ndio sina.

Nilimpelekea mkubwa wangu barua yako ya Julai. Akauliza, "Kampuni imelalamika?" Nikasema wamelalamika wakulima. "Wakulima si wateja wetu." Nikarudi mezani, nikaingiza kakao ya Veronika, uzito ule ule, siku zile zile, nikabadilisha kata tu: nikaandika Ngonga. Ikatoka daraja la kwanza.

Nimemwandikia meneja wenu hayo yote na kusaini jina langu. Hapa ofisini wamenitaka nijieleze. Nimewapa nakala ya barua hiyo hiyo. Yako hii hapa. Kaisome Bujonde kanisani wakati wa matangazo. Isome yote, hata unapotajwa wewe.

Mpwa wako,
Tumpale


Bondeni
19 Septemba 1998

Mpwa wangu,

Ugonile. Sisi wazima kuliko tulivyokuwa. Ukifukuzwa huko, chumba chako kipo.

Nimeisoma yote. Nikafika kwenye madaftari. Veronika akasimama. "Kumbe miaka tisa ulikuwa unajisafisha kwa kakao yetu?" Nikasema ndiyo. "Kaa chini. Wewe tutamalizana nawe baadaye. Kwanza hilo sanduku."

Alhamisi Bujonde hawakupandisha hata gunia moja kwenye mizani. Ngonga nao, ambao karatasi ya mashine haikuwa na ubaya nao, wakakalia magunia yao. Watu walikuja na visu vya nyumbani. Nilipita nikiwaonyesha namna ya kuchota bila kuchagua, wakapasua punje mia mia na kuzipanga kwenye turubai, wazi, kila apitaye azihesabu. Ambrose alitoka ofisini akachuchumaa kuhesabu pamoja nasi.

Meneja alisema mashine haikosei. Tukamwambia basi kakao auziwe na mashine yake. Saa nane lori la kampuni lilikuwa bado tupu. Meneja akatoka tena, akaangalia turubai mwanzo hadi mwisho, akauliza, "Haya, madaraja haya nani atayasaini?"

Veronika hakuinua macho kwenye kisu chake.

"Lete kalamu," akasema.

Mjomba wako,
Hebroni