Kicheko cha Asiye Mtani

Zaina mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Mazingara mahindi yamebeba, na mguu wa mjomba wako umepona.

Unauliza kama ni vizuri mkigeuza kile kipindi cha runinga cha watu kugombana kiwe filamu ya vichekesho. Hao wenzako unaotengeneza nao filamu wananitia shaka.

Nilipokuwa msichana tulifiwa na babu. Mtani wetu Mnyamwezi alichimba kaburi, kisha akalala humo akisema, “Huyu mlafi hatatosha, ngoja nipime!” Tulicheka huku tunalia. Mchuuzi mmoja mpita njia naye akamwita marehemu mlafi. Baba akamuuliza, “Wewe umechimba?”

Yule mama wa kwenye kipindi hicho, aliyevuliwa mtandio mbele ya kamera, wenzako wanataka kumcheka. Hata jina lake wanalijua?

Bibi yako